Ugoko unauma hadi usiku, na mimi ndiye ninayemalizia kijiti

«Shikamoo daktari. Nina miaka 17, nipo kidato cha tatu, shule ya bweni hapa Moshi. Nakimbia mita 800, na kwenye kijiti cha 4x400 mimi ndiye ninayemalizia. Riadha naipenda kuliko kitu chochote, na wenzangu watatu tuko pamoja tangu kidato cha kwanza, tumekuwa kama ndugu. Januari shule ilipofunguliwa tulianza mazoezi mara mbili kwa siku. Mwishoni mwa Februari ugoko wa kulia ukaanza kuniuma upande wa ndani, chini kidogo ya katikati. Mwanzoni nikipata joto ulikuwa unaacha. Sasa hauachi, na wiki hii umeniuma hata kitandani. Nameza diklofenaki kabla ya mazoezi. Bibi amenichua kwa mafuta ya kondoo, anasema ni baridi imeingia kwenye mfupa. Mjomba anasema ni maji ya kule kwetu Maji ya Chai, Arusha, niliyokunywa utotoni, maana hata meno yangu yana rangi. Halafu sijaona siku zangu tangu Desemba, ila dada mmoja anayekimbia aliniambia kwa wanariadha ni kawaida. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya imebaki wiki sita. Kocha sijamwambia, yeye husema maumivu ndiyo mazoezi yenyewe. Je, naweza kuvumilia mashindano yaishe ndipo nipumzike? Nikijitoa sasa nitakuwa nimewasaliti wenzangu.»

Marahaba, mwanangu. Nikurekebishe kidogo kwanza: mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, yule mama unayepelekwa kwake daktari akishamaliza kuangalia picha. Kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa hapa Moshi, na kila mwaka msimu wa UMISSETA ukikaribia wanafunzi wa aina yako huanza kuingia kwangu mmoja mmoja, mzazi mbele, wao nyuma wakijikaza wasichechemee. Kabla sijagusa mguu wananiuliza kitu kile kile: nitakimbia?

Barua yako ina maswali kama manne, lakini lililokunyima raha ni la mwisho. Mguu peke yake ungeshaupeleka hospitali. Unachoogopa ni sura za wenzako watatu siku utakapofungua mdomo. Nitalifikia hilo. Nianze na mguu, kwa sababu ukielewa kinachoendelea mle ndani hutahangaika sana kutafuta maneno ya kumwambia kocha.

Kesho asubuhi, kabla hujashuka kitandani, kaa ukunje goti, wayo ukanyage godoro. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, kuanzia chini ya goti kwenda kwenye kifundo, ukibonyeza taratibu na kusogea upana wa kidole kimoja kimoja. Usikimbilie pale unapojua panauma. Pafikie kwa zamu yake. Maumivu yakiwa yametandaa, tuseme upana wa vidole vitatu vinne au zaidi, yakiwa kama ya kubonyeza mahali ulipojigonga, huenda ni utando unaofunika mfupa umevutwa na kukasirika pale misuli inapojishikiza. Hilo huwapata wakimbiaji wengi mazoezi yakiongezwa. Lakini kama kuna mahali pamoja, unaweza kupafunika kwa ncha ya kidole, na ukipabonyeza unashtuka, basi mfupa wenyewe umechoka na pengine umeanza kupata ufa. Wanafunzi huelekezana kujipima kwa kurukaruka na mguu mmoja. Usifanye hivyo. Kama ufa upo, utakuwa unaupanua kwa mikono yako mwenyewe, au niseme kwa mguu wako mwenyewe.

Sijauona mguu wako, kwa hiyo siwezi kusema ni ufa. Ila kuna mambo matatu uliyoyaandika yananisogeza upande huo: maumivu hayaachi tena ukipata joto, yanakufuata kitandani, na siku zako zimekatika. Lingekuwa moja, ningekuambia punguza mazoezi tuone. Yakiwa matatu nakuambia acha kukimbia leo. Kutembea kwenda darasani ruksa, kama hakuumi. Kukimbia, hapana, hadi mtu aliyesomea aushike mguu huo kwa mkono wake.

Wengi wanadhani mfupa ni kama nguzo ya zege: ukishakauka umekauka, unangoja tu siku ya kuvunjika. Mfupa uko hai. Una damu, una mishipa ya fahamu, na kila siku kuna chembe zinazochimba na kuondoa sehemu zilizochoka, na nyingine zinazojaza mpya. Kama kwenu ni Kibosho au Marangu au Old Moshi, umewaona wazee wakitengeneza mfongo, ule mfereji wetu wa asili wa kumwagilia mashamba. Ukingo ukilegea hawapaki udongo mpya juu ya ule uliooza. Wanachimba kwanza, wanautoa wote uliolegea, ndipo wanashindilia mpya. Sasa kati ya kuchimba na kushindilia kuna siku ambazo ukingo ni mwembamba kuliko hata ulivyokuwa kabla haujaguswa. Siku hizo maji hufungwa kule juu kwenye banio. Mtu akiyafungulia yaje kwa nguvu, mfongo unapasuka, na shamba la jirani linaogelea, wala si kwamba mafundi hawakujua kazi.

Ndivyo ilivyo kwenye ugoko wako. Ulipoongeza mazoezi Januari, mfupa ulipokea taarifa kwamba kuna mzigo mpya, ukaanza kujichimba ili ujijenge imara zaidi. Kuchimba huchukua wiki chache tu. Kujaza huchukua miezi, kama mitatu hivi hadi pawe pagumu. Kwa hiyo matatizo haya hayaji siku ya kwanza ya mazoezi mapya. Yanakuja mwezi mmoja au mmoja na nusu baadaye, wakati pumzi imeshakaa sawa, misuli imeshazoea, kocha anaangalia saa yake anatabasamu, na mfupa peke yake ndio uko nyuma. Januari katikati hadi Februari mwishoni ni wiki sita. Kalenda yako ingeweza kufundishia darasani.

Uwanja nao una mchango wake. Viwanja vya shule zetu vingi vimebanwa kati ya madarasa na shamba la kahawa. Mzunguko haufiki mita 400, kona zimekuwa kali, na mnazunguka kushoto tu, siku nenda siku rudi, kwa hiyo miguu miwili haibebi mzigo ule ule. Mwambie kocha wakati wa kupasha mzunguke kinyume. Raba za mtumba si dhambi, mimi mwenyewe nanunua Memorial, lakini kabla ya kulipa iweke raba mezani uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelalia upande mmoja, ujue aliyeivaa kule Ulaya ndiye aliyeimaliza.

Bibi yako namheshimu, na mafuta ya kondoo hayana ubaya kwenye ngozi. Ubaya uko kwenye vidole vinavyoyapaka. Mfupa uliochoka ukichuliwa kwa nguvu unachokozwa tu. Baridi haiingii kwenye mfupa. Inakaza misuli, ndiyo maana Juni huku tunaamka tumekakamaa, lakini haitoboi ugoko. Mjomba naye yuko sahihi nusu. Maji ya maeneo ya chini ya Mlima Meru yana floridi nyingi, na rangi ya meno yako imetokana nayo, iliingia wakati meno yanaundwa ukiwa mdogo. Floridi nyingi sana kwa miaka mingi inaweza kuathiri na mifupa, kwa hiyo mtajie daktari ulikokulia. Ila maji hayawezi kuchagua mguu wa kulia na mwezi wa Februari.

Diklofenaki acha. Ile dawa haitibu mfupa, inazima kengele. Ukiimeza saa kumi na moja alfajiri tumbo likiwa tupu, halafu ukatoka jasho bila kunywa maji ya kutosha, unaitafutia matatizo tumbo na figo kwa wakati mmoja. Na kama umefikia mahali huwezi kulala bila kidonge, hiyo yenyewe inatosha kukupeleka hospitali.

Kuhusu maumivu kuwa ndiyo mazoezi yenyewe, kocha wako hajakosea kabisa. Miguu kuwaka moto kwenye mita 200 za mwisho za mbio za 800 ni mazoezi. Misuli ya mapaja kuuma Jumanne kwa sababu ya Jumatatu ni mazoezi. Maumivu ya mfupa, mahali pamoja, usiku, ni kitu kingine, na sidhani kocha alikuwa na hayo akilini, kwa sababu hajaambiwa. Najua pia kila mwanariadha wa kaskazini hii ana picha ya John Stephen Akhwari kichwani: Olimpiki ya Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani wa mwisho jioni ile. Hata mimi nikiiona nasisimka. Lakini mzee Akhwari wa Mbulu alianguka katikati ya mbio, siku ya mashindano, akaamua kumaliza marathoni moja aliyokwisha kuianza. Hakufanya wiki sita za mazoezi juu ya goti lile akimficha kocha. Watu husahau pia kwamba mwaka 1970 alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh.

Sasa lile uliloliandika kwa sentensi moja ukalipita mbio. Kwangu ndilo zito kuliko yote.

Yule dada amekosea, ingawa kosa hilo wanalo pia makocha wengi, na hata baadhi ya wauguzi. Ni kweli hedhi kukatika hutokea kwa wasichana wengi wanaokimbia. Lakini kitu kutokea mara nyingi hakukifanyi kiwe salama. Malaria nayo hutokea mara nyingi. Mwili wako kila siku unapata nguvu kutoka kwenye chakula. Mazoezi yanachukua fungu lake kwanza, hayakopeshi. Kinachobaki ndicho kinachoendesha moyo, ubongo, kinga, kukua, mifupa, na mzunguko wa hedhi. Kinachobaki kikiwa kidogo, ubongo unafanya kama mama mwenye nyumba mwisho wa mwezi: anakata matumizi yanayoweza kusubiri. Uzazi unaweza kusubiri, kwa hiyo unazimwa. Shida ni kwamba ukizimwa, homoni ya estrojeni inashuka, na estrojeni ndiyo inayowazuia wale wachimbaji wa mfupa wasichimbe kupita kiasi. Rudi kwenye mfongo wetu: wachimbaji wanaendelea kuchimba, msimamizi kaondoka, na washindiliaji hawana udongo. Haya yanatokea katika umri ambao ulitakiwa kuweka akiba, kwa sababu sehemu kubwa ya mfupa utakaoutumia maisha yako yote inajengwa kabla ya miaka ishirini na kidogo.

Na usiniambie «lakini mimi si mwembamba». Uzito unaweza kubaki pale pale na hesabu bado ikawa pungufu. Wavulana pia hupata upungufu huu, wao hawana tu kengele ya kila mwezi ya kuwashtua.

Hebu nikisie siku yako, unisahihishe kama nimekosea. Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili, ugali na maharage. Prepu, kulala. Alfajiri saa kumi na moja uko barabarani unakimbia. Uji unaupata saa moja na nusu, kikombe kimoja, sukari ya kubahatisha. Toka ugali hadi uji ni saa kumi na tatu na nusu, na katikati umekimbia kilomita kadhaa bila kitu tumboni. Mchana makande. Saa kumi jioni uwanjani tena. Ratiba hiyo inamtosha mwanafunzi anayetoka darasani kwenda bwenini. Wewe unafanya kazi ya mkulima wa msimu wa palizi.

Huhitaji vyakula vya ajabu. Ndizi mbivu mbili au kiazi cha jana kabla ya kukimbia alfajiri. Kitu chochote cha kushiba ndani ya nusu saa baada ya mazoezi ya jioni, usingoje kengele. Mzazi akija, badala ya biskuti alete karanga za kutosha na dagaa wa kukaanga. Kama shule hairuhusu chakula bwenini, matroni ndiye wa kuongea naye, na barua ya hospitali humlegeza matroni yeyote. Msichana wa umri wako anahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa au mtindi inakupa kama 300. Dagaa wanaoliwa na miiba yao wanasaidia sana. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini kalsiamu yake nyingi imefungwa na tindikali iliyomo mle mle, mwili hauipati kirahisi. Ukirudi likizo kwa mjomba, loshoro, yale mahindi ya kupikwa na maziwa ya mgando, kula kwa moyo wote. Jua unalo la kutosha.

Miezi mitatu bila hedhi inahitaji daktari hata kama ugoko usingekuuma. Atakuuliza maswali, atachukua damu, na kipimo cha mimba ataagiza kwa sababu humwagizia kila msichana mwenye tatizo hilo. Usijisikie vibaya, ni utaratibu.

Turudi kwenye swali lako: uvumilie au usivumilie? Kuvumilia kunawezekana, sitakudanganya. Kuna wanaovumilia wakafika mashindanoni. Lakini angalia unachoweka rehani. Ikiwa ni utando tu umekasirika, wiki mbili tatu za kutokimbia zitautuliza, na kwa wiki sita ulizonazo bado una nafasi ya kukimbia, pengine kijiti tu bila 800. Ikiwa ni ufa mdogo upande wa ndani, utakaa nje wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi, na UMISSETA ya mwaka huu itakupita. Hiyo inauma, siipambi. Ikiwa ni ufa na ukaendelea kuukimbilia, unaweza kukatika kabisa, na hapo hatuhesabu tena wiki. Tunahesabu miezi, plasta, pengine vyuma. Na ikiwa maumivu yako mbele kabisa kwenye ncha ya mfupa, si upande wa ndani, usingoje hata siku moja, sehemu ile inapona kwa shida.

Unaona, kupumzika sasa ndiyo njia pekee yenye tawi linalokufikisha mashindanoni ukiwa mzima. Kuvumilia hakuna tawi hilo. Halafu wewe una miaka 17. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio 2016, akachukua shaba ya dunia London 2017, na dhahabu ikamfikia Tokyo Septemba 2025, akiwa na miaka 33, kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Miguu inayofika huko ni ile iliyotunzwa.

Hospitali, basi. Uko Moshi, una bahati kuliko wenzako wengi nchini: KCMC ina idara ya mifupa na ya fiziotherapia, na Mawenzi unaweza kuanzia pia ukapewa rufaa. Watakupiga eksirei. Sasa nisikilize vizuri hapa: eksirei ikirudi safi, haimaanishi huna kitu. Ufa wa aina hii wiki za mwanzo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Unaonekana mfupa ukishaanza kujitengeneza pembeni yake. Kipimo kinachouona mapema ni MRI, na ni ghali. Mimi kama historia na kidole vinasema ufa, namhudumia mgonjwa kama mwenye ufa, MRI iwepo isiwepo. Nimeona wanafunzi wakitoka na picha safi mkononi, wameruka kwa furaha, jioni wako uwanjani. Usiwe mmoja wao.

Kuna mambo hayasubiri miadi: ukishindwa kukanyaga, mguu ukivimba, ganzi ikiingia kwenye wayo, ukipata homa pamoja na maumivu ya mfupa, au maumivu yakiendelea usiku hata baada ya wiki mbili za kupumzika kweli kweli. Maumivu ya mfupa ya usiku kwa kijana mara chache huwa ni maambukizi au uvimbe ndani ya mfupa, na hayo huwa yanatakiwa yaonekane mapema. Kama una selimundu au kwenu yupo mwenye nayo, sema mapema kabla hawajaanza kukupima.

Sasa wenzako.

Mimi nilikimbia kijiti sekondari, mwanzoni mwa miaka ya 90, si hapa Moshi. Nilikuwa wa pili. Nyama ya nyuma ya paja ilikuwa inanivuta kwa wiki mbili nikanyamaza, nikawa najifunga bandeji chini ya bukta asione mtu. Siku yenyewe nilipokea vizuri, nikamaliza kona ya kwanza, nikaingia mstari wa ndani, na kabla ya kona ya pili paja likashika kama limepigwa jiwe. Nikasimama. Ninachokumbuka hadi leo si maumivu. Namkumbuka msichana wetu wa tatu amesimama pale kwenye mstari, mkono ameunyoosha nyuma, timu nyingine zote zimeshapita, naye bado ameunyoosha.

Nilidhani yeye ndiye atakayenikasirikia. Aliyekasirika alikuwa akiba wetu. Alikuwa kwenye nyasi pembeni, njumu zimefungwa, amepasha vizuri, kama alivyofanya kila jioni kwa miezi mitatu. Aliniuliza kitu kimoja: «Kwa nini hukusema? Mimi si nilikuwepo?»

Sikuwa na jibu. Nilijiona shujaa, kumbe nilikuwa nimemkalia mtu kwenye nafasi yake. Kila siku unayonyamaza, mwanangu, yupo msichana kwenye kikosi chenu anayeweza kujifunza kumalizia kijiti na hajui kwamba anahitajika. Wiki sita kwake ni nyingi. Ukisema siku mbili kabla, hapo ndipo neno lako la kusaliti litakuwa karibu na ukweli.

Anza na matroni, kwa sababu suala la hedhi ni rahisi kwake na yeye ndiye atakayesaini ruhusa ya kwenda hospitali. Kisha mfuate kocha, si uwanjani mbele za watu, mfuate ofisini. Usianze na «samahani mwalimu, naomba nipumzike kidogo», utaambiwa jikaze. Mwambie hivi: «Mwalimu, nina maumivu ya mfupa wa ugoko tangu Februari, sasa yanauma usiku, nimeambiwa nisikimbie hadi nipimwe. Naomba tumwandae mtu wa kumalizia, na mimi nitamfundisha.» Lile la mwisho litamfanya akusikilize.

Na umfundishe kweli. Kupokea kijiti cha 4x400 si kama kile cha 4x100 ambako unanyoosha mkono bila kutazama. Anayekuja amekwisha, miguu haina kitu, kwa hiyo kazi yote ni ya anayepokea: ageuke, amtazame mwenzake, akadirie amebakiza nguvu kiasi gani, aanze kutoka taratibu na macho yasiachane na kijiti hadi kiwe kiganjani. Yote ndani ya eneo lile la mita 20. Mwambie pia asimamapo mstarini ajue timu yao iko ya ngapi pale mwenzake anapopita alama ya mita 200, maana wapokeaji hupangwa kwa mpangilio huo na hawaruhusiwi kubadilishana. Hayo unayajua wewe, yeye hajui. Unaweza kuyafundisha umesimama, hata umekaa kwenye nyasi na kijiti chako mapajani.

Pumzi yako haitapotea. Baiskeli, kama ukikanyaga pedali ugoko hauumi, dakika arobaini siku nne kwa wiki inatosha kuishikilia. Kukimbia ndani ya maji marefu ni bora zaidi, ila mabwawa mengi hapa ni ya hoteli na kiingilio chake kinafukuza, kwa hiyo silisisitizi. Fanyia kazi tumbo, mgongo na makalio. Kurudi kutakuwa hivi: kwanza uwe umetembea wiki nzima bila maumivu, na kidole gumba kikibonyeza hakikuti kitu. Kisha matembezi ya haraka nusu saa. Kisha dakika moja kukimbia polepole, mbili kutembea, siku moja ndiyo siku moja hapana, kwenye nyasi. Njumu na kona kali ni za mwisho kabisa. Maumivu yakirudi, unarudi hatua moja, huanzi kulia.

Siku ya kwenda kliniki vaa bukta ndani ya sketi, ili tusihangaike. Na raba zako za mazoezi zibebe kwenye mfuko, zile zile, usizioshe. Nataka, au yeyote atakayekuona anataka, kuona udongo umeshika wapi na soli imelika upande gani.